Taa za Nyuma Usiweke

Mzee Koech,

Ulifariki mwezi wa tatu, siku ya Alhamisi, filamu yetu ya lori la kuchezea, tuliyoipiga picha moja moja, ikiwa imebakisha sauti tu. Hilo nilimeza. Mtu wa umri wako akiitwa, anaenda. Nisichoweza kumeza ni cha Jumapili iliyopita. Mwanao Kibet ameiua filamu yenyewe mbele ya kanisa zima, na watu wakampigia makofi.

Wacha nikueleze, maana hukuwepo, na ungekuwepo ungetoka nje kutema mate.

Ilikuwa ibada ya kukukumbuka. Kibet alitundika shuka nyeupe ukutani, akaleta ile mashine anayoonyeshea video za harusi, akashika maikrofoni: "Hii ni kazi ya mikono ya baba yangu, na mimi nimeimalizia." Mikono yangu haikutajwa. Sawa, nimezoea. Halafu lori letu la bati likatokea, likipanda mlima ndani ya ukungu wa pamba, na nyuma, Mzee, nyuma zinawaka taa mbili nyekundu kama macho ya mlevi!

Taa za nyuma. Kwenye lile gari.

Si unakumbuka siku uliyokuja kibandani kwangu Merigi, nikitengeneza redio ya mtu? Ulifungua kifurushi cha gazeti, ukaweka lori la kuchezea mezani. "Fundi, hili ni lile gari." Sikuuliza gari gani. Nyumbani kwetu kuna "lile gari" moja tu, lori la majani chai ulilokuwa ukiendesha, baba yangu akiwa tanboi wako, utingo wa kupakia na kufunga mizigo. Pale Boito alikuwa amesimama nyuma akikaza kamba ya magunia, pikapu ikatoka kwenye ukungu ikambana kwenye lori, akafa. Tulikua tukiambiwa aliruka chini bila kuangalia. Uzembe wake. Mama alizeeka na hilo neno.

Ukaniambia: "Za mbele niwekee. Za nyuma usiweke. Zilikuwa zimekufa wiki nzima, na mimi nilijua."

Niliendelea kukaza skrubu ya ile redio mpaka uzi wake ukaisha. Uliondoka bila kunywa chai. Nilikuchukia, nakwambia ukweli kwa sababu sasa huwezi kukasirika. Lakini lori uliliacha, na baada ya siku chache nikaanza kulitoboa.

Za mbele zilitusumbua. Balbu ndogo ninazotoa kwenye tochi mbovu zina weupe wa bluu, ukaguna: "Lori yangu ilikuwa na macho ya paka?" Nikaloweka karatasi kwenye chai ya rangi, nzito, nikaikausha, nikaifunika balbu. Ikatoa ile manjano ya magari ya zamani. Ukacheka, ukanywa chai iliyobaki na karatasi ikielea ndani. Betri tukazificha chini ya magunia. Kila sekunde ni picha kumi na mbili, kwa hivyo indiketa iwake picha nne, izime picha nne, na ile ya kwanza na ya mwisho iwake hafifu, kwa sababu balbu ya kweli haikatiki ghafla kama swichi ya nyumba. Gari likizima mlimani ukapiga stata, taa lazima zilale kidogo. Hayo ulinifundisha wewe. Mimi nilijua umeme, wewe ulijua lori.

Lakini kazi kubwa haikuwa kuwasha. Ilikuwa kufanya taa iliyokufa ionekane imekufa. Ukiiacha tu, mtu anadhani kifaa cha mtoto kimeharibika. Tulizunguka na jambo hilo mpaka wewe ndiye uliyelipata: kioo chekundu kisionekane kabisa mpaka pikapu ifike karibu. Kwanza ukungu wa nyuma unaanza kuwa mweupe. Halafu mwanga wa pikapu unagonga kile kioo, kinametameta mara moja, picha mbili tu, na mtazamaji anaelewa kwamba taa ilikuwepo ila haikuwaka. Anaelewa akiwa amechelewa, kama yule dereva wa pikapu alivyochelewa. Tulipoitazama mara ya kwanza, ulivua kofia. Chuki yangu nadhani iliishia hapo, sijui.

Sasa Kibet. Sekunde arobaini za mwisho ni picha mia nne na themanini, na kila moja ameibandikia taa za kwenye simu. Si taa, ni stika! Taa ya kweli ingetia wekundu kwenye pamba, ingeng'aa kwenye matope tuliyopaka mafuta ya kupikia. Zake hazigusi kitu. Lori likikata kona, taa zinabaki nyuma hewani kama inzi. Na baba yangu, yule mwanasesere wa waya uliyemkatia koti la mvua kwa gunia la mbolea, akipita mbele yake, taa inawaka katikati ya tumbo lake. Tumboni, Mzee. Mtoto mmoja wa Sunday school akasema, "Ona, amemeza taa!" Kanisa likacheka. Mama yangu alikuwa benchi la tatu.

Lori lina taa safi, pikapu inaligonga. Basi kosa ni la nani? Ni la pikapu, au la mtu aliyesimama mahali si pake. Tumerudi pale pale.

Nilimshika Kibet nje, karibu na tangi la maji. Nikamwambia, "Umefanya upuzi." Akanijibu polepole, kwa huruma ya uongo: "Ochi, punguza. Mzee mwenyewe aliniambia pale hospitalini. Alisema, washa taa." Nikamwambia anadanganya. "Ulikuwepo?" akaniuliza. Sikuwepo. Usiku ule ulikuwa naye peke yake. Hiyo ndiyo inanichafua moyo kuliko stika zake zote. Naweza kukokotoa volti za waya wowote, lakini hilo siwezi kulipima.

Maana najua hofu ya mtu anayekufa. Labda ulibadilisha nia. Labda uliomba tu wawashe balbu ya wodi.

Sasa sikiliza. Mke wa Kibet amejifungua mvulana juzi. Jumamosi akina mama wa kwenu watakaa na mtoto, wamwitie majina ya waliotangulia, moja moja, mpaka apige chafya kwa jina la anayerudi. Kwa kabila letu marehemu huja ndotoni kudai jina, na kwangu hujaja. Kwa hivyo nitakufuata huko kwenu. Mama Kibet amekubali nikae mlangoni, na ameahidi tumbaku ya kunusa, ile ya kumlazimishia chafya, haitakaribia pua ya mtoto. Jina lako litaitwa la kwanza.

Picha zote kabla ya stika ninazo mimi. Ahadi yangu ni hii: jibu lako nitalifuata, hata likinikata. Kama ulimwambia awashe, itika kwa chafya, nami nitazifuta na sitasema neno tena. Kama hukumwambia, nyamaza, waende kwa jina lingine, na Jumapili inayofuata shuka ile ile itatundikwa, lori likiwa na giza lake, na mama yangu atakaa benchi la kwanza.

Nenda salama, Mzee. Nilikupenda kwa shida.

Ulimwambia Kibet awashe zile taa, ndiyo au la? Nijibu Jumamosi, saa nne asubuhi. Nitakuwa mlangoni.

Fundi wako,
Ochieng