Springi ya Nafula

Jumatatu, 11 Agosti

Mchanga tena. Ghorofa ya tatu leo. Niliacha kuhesabu ndoo adhuhuri. Jioni sikuoga, nilisukuma baiskeli moja kwa moja mpaka kwa Fundi Mwanajuma, upande wa Bombolulu.

Baiskeli niliipata kwenye nyumba tuliyobomoa Nyali. Mwenyewe alisema ichukueni, wenzangu hawakuitaka. Ni ya milimani, fremu nzima, magurudumu mazima. Imekufa shoki ya nyuma tu, ile springi nene iliyo chini ya kiti, inayomeza mawe ya njia. Mafuta yamevuja yote. Ukikaa, kiti kinazama kwa kishindo na uti wa mgongo unalia.

Fundi Mwanajuma anatembea kwa gongo. Miaka mingi alitengeneza viti vya magurudumu, sasa ana kibanda chake mwenyewe. Nilimwamkia.

"Marahaba, mtu wa bara. Maiti hii umeniletea mimi au umekosea njia ya msikitini?"

Alicheka peke yake. Mimi nilichoka mno.

Baiskeli ni ya binti yangu, Nafula. Shule yake ni saa mbili kwa miguu, njia yote mawe na mifereji, kule juu ya Chwele. Mama yake, Nekesa, amesema wazi: muhula ukifunguliwa na hakuna njia nyingine, Nafula atahamia kwa mama mdogo Kitale. Muhula unafunguliwa tarehe 25. Mtoto akishazoea mjini harudi. Najua. Mimi sijarudi.

Nataka siku nikienda nyumbani nimkute.

Jumanne, 12 Agosti

Njia ni tatu, anasema fundi. Kwanza, kuchomelea chuma kitupu mahali pa shoki. Hakitaharibika kamwe. Kitamharibu mpandaji. Pili, shoki ya upepo. Laini, nyepesi, lakini ina pampu yake maalumu na mipira inayochoka. Tatu, ya springi. Nzito, ya kijinga, haihitaji mtu.

Ya upepo niliibonyeza kwa kiganja. Inapumua kama kitu hai. Niliitamani. Kisha nikafikiria nani ataijaza upepo kule mlimani. Nikasema springi.

"Haya. Springi zina namba, kila namba na uzito wake. Binti ana kilo ngapi?"

Thelathini, nikasema.

"Ulimpima lini?"

Sikumpima. Nilimbeba mgongoni hadi stendi siku niliyoondoka. Alikuwa na usingizi. Ndio uzito ninaoujua.

"Na uliondoka lini?"

Miaka minne. Akaniangalia. Nilikasirika nikachukua kofia yangu. Mwanamke huyu anauliza kama polisi.

Alhamisi, 14 Agosti

Wafula amepiga simu. Ni dereva wa lori, tumetoka kijiji kimoja. Anapakia Changamwe Jumamosi ya tarehe 23, anaelekea Malaba. Ataifunga baiskeli nyuma ya kebini ya dereva na kuishusha Bungoma, kaka wa Nekesa aichukue. Baada ya hapo hashuki pwani mpaka Oktoba.

Kwa hiyo tarehe 23. Hakuna nyingine.

Fundi alitaka urefu wa shoki, kutoka katikati ya tundu la juu hadi katikati ya tundu la chini. Futi yake imepotea. Nilipima saa ya chakula kwa futi ya mjengo. Inchi saba na nusu. Nimepima mara tatu. Ameagiza kwa muuza vipuri wa mitumba, Kongowea. Springi laini, ya mtoto.

Nimelala nikiwa na furaha, jambo ambalo si kawaida.

Jumapili, 17 Agosti

Siku mbaya.

Shoki ilifika. Nzuri, nyekundu. Tulihangaika kuiingiza. Ilipoingia, baiskeli iliinua matako juu kama mbuzi anayekula bondeni. Kiti kilinifika kifuani.

Fundi akaomba niilete futi niliyopimia. Nilikuwa nayo mfukoni. Akaivuta, akatazama ncha, akaanza kucheka hadi gongo likaanguka.

Ncha ya futi ile ilikatika zamani, kabla sijaajiriwa. Pale mjengo hakuna anayeanzia sifuri, sote tunashikilia kwenye moja. Mwashi akisoma, anatoa moja kichwani. Lakini mimi si mwashi. Miaka minne kazi yangu ni kushika ncha kwenye moja na kunyamaza. Kutoa ni kazi ya mwenye kusoma. Nilishika kwenye moja, nikasoma mwenyewe, sikutoa.

Ni sita na nusu.

"Umejenga ghorofa ngapi namna hii, kaka?" alisema. "Niambie nisipite chini yake."

Muuzaji atabadilisha, ila mzigo mwingine unafunguliwa Alhamisi. Alhamisi ni tarehe 21. Niliacha shule darasa la sita na leo nimelipia hilo.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimempigia Nekesa. Dada yake ameshanunua godoro la Nafula. Alilitaja godoro mara mbili. Nilisema baiskeli inakuja. Akaguna. Anayo haki, nimesema mengi yanakuja.

Nikamwomba ampime Nafula. Ampime wapi? Kiwanda cha kahawa, nikasema, wana mizani. Akacheka kidogo. Nimekosa kicheko hicho kuliko chakula.

Nafula hakuwepo. Hayupo kila ninapopiga. Au yupo.

Jumatano, 20 Agosti

Ujumbe wa Nekesa umeingia nikiwa juu ya jukwaa. "Hamsini. Karani anasema hakuna kukata uzito wa gunia."

Hamsini.

Nilishuka nikakaa nyuma ya tangi la maji. Msimamizi aliita, nikabaki nimekaa. Kilo ishirini zimeota bila mimi. Zimeota juu ya viazi ambavyo sikupanda na maziwa ambayo sikukama. Nilikuwa namnunulia baiskeli mtoto ambaye hayupo tena. Yule wa mgongoni ameisha, na hakuna aliyenipa habari, kwa sababu kwao halikuwa jambo la ghafla.

Nimejichukia leo. Naandika ili niache.

Alhamisi, 21 Agosti

Muuzaji ametoa mbili za sita na nusu. Moja springi ya mia tano hamsini, ile laini, moja ya mia saba hamsini, ile ngumu. Fundi alisema sasa ndipo kuchagua kunaanza, yale mengine yalikuwa kutafuta. Springi ikiwa laini mno, kila jiwe litamfikisha chini. Ikiwa ngumu mno, ni sawa na chuma kitupu. Mtu anapokaa, shoki izame robo ya mwendo wake na isimame hapo.

"Mimi nina themanini na ushee, wewe sijui. Tungempata mtu wa hamsini tungemkalisha."

Nikamwambia mtu wa hamsini ninaye.

Nilirudi mjengo, nikamwomba msimamizi mfuko wa simiti kwa saa moja. Alidhani nimelewa. "Ukipasuka, usirudi kesho," akasema. Nikaubeba hadi kibandani. Kila siku nabeba hiyo mifuko begani, naitupa chini kama adui. Huu niliubeba mikononi. Ni mbali. Muuza viazi karai akaniuliza kama umelala. Sikumjibu vibaya.

Tuliufunga kwenye kiti kwa kamba. Kwa ile laini, ulizama mpaka mwisho. Kwa ngumu, ulishuka kidogo, robo, ukatulia. Fundi akakizungusha kiduara cha juu ya springi nusu mzunguko, akashusha kiti, akakipandisha.

"Miguu yake mirefu?"

Sijui, nikasema. Safari hii sikukasirika. Aliangalia miguu yangu, akakiinua kiti vidole viwili.

Ijumaa, 22 Agosti

Nimeijaribu asubuhi kabla ya kazi. Kwangu inazama zaidi ya robo, mimi si mtu wa hamsini. Lakini mashimo ya barabara ya Mjambere nimepita kama ninaota. Kengele inafanya kazi. Nilitaka kuandika jina lake kwenye fremu, nikaacha. Pengine hapendi tena rangi ninazozijua.

Jumamosi, 23 Agosti

Niliiendesha mwenyewe hadi Changamwe. Nilivuka daraja la Nyali jua likichomoza, malori yakinipigia honi. Jasho, magoti, yote. Nilitaka safari iwe ndefu zaidi.

Wafula aliifunga kwa kamba nne, akaweka gunia ili fremu isikwaruzwe. Kisha akafungua mlango wa upande wa pili.

"Basi panda. Kiti kitupu hiki. Kesho jioni uko kwako."

Alikuwa anatania nusu. Nilishika mpini wa mlango. Chuma cha moto. Msimamizi hangoji mtu, Jumatatu ningekuta mwingine ameshika ndoo zangu, na muhula ndio huo na karo yake. Niliwaza yote hayo. Pia niliogopa. Niliogopa kushuka pale na Nafula asijue afanye nini na mimi.

Nikafunga mlango.

Wafula alisema, "Sawa, mzee," kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza. Nilirudi kwa miguu mpaka stendi.

Jumapili, 24 Agosti

Sikutoka. Nimefua.

Jumatano, 27 Agosti

Simu imeingia magharibi, nikiwa navua buti. Namba ya Nekesa, lakini sauti haikuwa yake. Ilikuwa nene, ya polepole. "Baba, ni mimi." Niliuliza ni nani. Akarudia.

Amekwenda nayo shule tangu Jumatatu. Amefika kabla ya kengele. Godoro limebaki Kitale, mamake amesema likae huko. Nikauliza kama kiti kinamgonga kwenye mawe. Hakigongi, akasema, kinashuka kidogo kisha kinamrudisha. Miguu ilikunjika sana, ameinua kiti yeye mwenyewe. Kwa kipimo gani? Vidole vitatu.

Nilisikia kuku.

Nikamwuliza siku ya kwanza aliijaribia wapi. Akasema aliteremka nayo mpaka darajani, akarudi.

Mto wa kwetu tulivuka kwa gogo. Sikujua kuna daraja. Nilimwomba anieleze lilivyo, naye akaanza, taratibu, kutoka ukingo wa upande wetu.