Salamu Zilifika, Habari Ikabaki

Butembo, commune Kimemi
Tarehe 14, mwezi wa tatu, 2024

Mupendwa mwipwa wangu Nadège,

Pokea salamu nyingi za mujomba wako, mutu ambaye akikohoa hapa Butembo, kule Beni banasema pole, na Kayna banauliza kama amekunywa dawa. Si kujisifu. Ni ile kazi ulinipatia ndiyo ilinifikisha pale.

Uko namna gani, mwana wa dada yangu? Joto ya Kampala inakuacha ulale? Ile kazi ya kuangalia ordinateur kutwa nzima haikuharibu macho? Mungu akuchunge. Sisi huku tuko. Asubuhi ni ukungu, muchana ni mvua, na matope haina saa. Goti yangu ya kushoto imekataa kupanda kilima ya kanisa, donc ninasali nikiwa nimekaa nyuma, karibu na mulango, pamoja na bale banaochelewa. Bibi yangu mama Florentine eko muzima. Angali anauza samaki ya chumvi sokoni na angali ananishinda kwa maneno.

Unaona ninakuandikia kwa karatasi, kama wakati wa ba-missionnaire. Usishangae. E-mail ninaiogopa sasa. Nikianza tu kuandika jina yako kwa ile telefone, ninaona kama machine itachukua mambo ya jamaa na kuyamwaga kwa batu mia tatu makumi ine na saba. Kwa hiyo barua hii nimempa Mbusa, yule anayekuja Kampala kununua vyuma vya pikipiki. Nimemukataza kuisoma. Atakuwa amekwisha kuisoma pale Kasindi ku mupaka, mais haizuru.

Kwanza nikuambie namna kazi yako ilitukuzwa. Wewe ulikuwa umekwisha kwenda masomo wakati tulikimbia kutoka kwetu Mabalako. Kila mutu alishika njia yake: bengine hapa Butembo, bengine Beni, bengine bakafika mpaka Kayna kwa mama yako. Mutu alikuwa anakufa, na jirani wake wa miaka makumi tatu anasikia kiisha mwezi. Ndiyo wewe ukatutengenezea ile adresse. Mimi naandika e-mail moja tu, machine inaigeuza kuwa mesaji, inaingia kwa kila mutu aliyeandikisha namba yake, hata kwa ile telefone ndogo ya torche ya bamama ba shamba. Ubatizo, harusi, matanga, mukutano, yote ilipitia vidole vyangu.

Na ilisikiwa. Siku moja niliandika kwamba mbuzi ya mujane mumoja imepotea, na mbuzi ikarudi mbele sijaweka telefone mufukoni. Batu bengine banasema mbuzi yenyewe ilisoma. Siku ingine, kwa barrière ya njia ya Beni, musoda mwenye bunduki alinisimamisha, akauliza karatasi. Nikamuambia, ni mimi Mathe wa mesaji. Akainua kamba, akaniombea radhi kwa Lingala. Florentine anasema kamba ilikuwa imekwisha kuinuliwa kwa ajili ya gari iliyokuwa mbele yetu. Florentine hakukuwa amekaa upande wa dirisha.

Lakini sasa nimechoka, Nadège. Nimechoka mwili, nimechoka na roho. Acha nikueleze.

Mama Jokébed amekufa. Yule wa choeur, aliyekufundisha kuimba sauti ya pili. Alikufa Beni, mercredi ya juma iliyopita, asubuhi, hospitalini. Ilikuwa tumbo, na miaka pia. Unajua yule mama alikuwa nani kwetu. Tangu tutoke Mabalako, hatukuzika mutu bila yeye kuwa wa kwanza kufika, jembe ku bega na beseni ya maharagi ku kichwa. Bamume tungali tunatafuta viatu, yeye amekwisha kupima kaburi kwa hatua zake.

Na unajua desturi yetu haikubadilika hata kwa ukimbizi. Kaburi inachimbwa na Umoja wetu, sisi batu ba Mabalako. Hatulipi mutu wa pembeni kuchimba. Na mwenye kufiwa hashiki jembe hata kama eko na nguvu ya ng'ombe. Yeye anakaa, analia, banamupa maji. Ile ndiyo heshima yake.

Basi Mumbere, muzaliwa wake wa kwanza, alinipigia ile mercredi. Akasema, «Mujomba, mama ametuacha. Tunazika kesho jeudi, saa nane, hapa Beni. Mimi niko natafuta bakaratasi ya hospitali, siwezi kupigia kila mutu. Wewe ndiye uko na batu bote mukononi.» Nikamujibu, mwanangu, kaa na mama yako, hii ni kazi ya mukubwa.

Nikaketi, nikaandika e-mail. Niliandika vizuri, mwipwa wangu. Niliandika kama mutu aliyelelewa, juu habari ya kifo hairushwi kwa batu kama jiwe. Unabisha hodi, unasema wewe ni nani, unauliza hali, unashukuru Mungu, kiisha ndiyo unaleta habari ya huzuni. Nikabonyeza, ikaenda.

Jeudi nikavaa koti yangu nyeusi, nikapanda gari ya Beni. Njiani nilikuwa nawaza namna kiwanja cha makaburi haitatosha. Nilikuwa nimetayarisha hata maneno ya kutuliza umati.

Nikakuta batu sita. Pasta, bamama babili ba choeur, jirani mumoja, chauffeur wa gari iliyoleta jeneza, na Mumbere. Na Mumbere alikuwa ndani ya kaburi mpaka kiuno, bila shati, jembe mukononi, anamuchimbia mama yake. Chauffeur alikuwa anamusaidia kutoa udongo.

Nikauliza, kama mujinga, «Batu bako wapi?»

Akaniangalia kutoka kule chini. «Ni wewe unaniuliza, mujomba?»

Niliingia na koti yangu nikataka kupokea jembe. Alikataa kunipa. Pasta ndiye aliitoa mukononi mwake, kidole kwa kidole. Tukachimba mimi na chauffeur na jirani, goti yangu inalia, na kaburi haikufika kimo ya desturi. Tukamuzika mama Jokébed saa kumi, na mvua. Nyimbo ziliimbwa na bamama babili, na bote babili balikuwa sauti ya pili bila ya kwanza.

Wakati nilirudi nyumbani, Florentine alikuwa amepata umeme sokoni, telefone yake ikawaka. Akanisomea kile machine ilipeleka kwa batu. Ninakunakilia vile ilikuwa: «Bapendwa katika Bwana, ni mimi Mathe Eliezer, Président-Fondateur na Musemaji Mukuu wa Umoja wa Batu ba Mabalako balioko Butembo, Beni na Kayna, ninabasalimia n»

Basi. Ilikatika pale. Kifo, siku, saa, Beni, yote ilibaki ng'ambo. Florentine akaniangalia, akasema, «Mathe, na maiti je?»

Siku ya Mungu comité ya Umoja iliketi hapa kwetu. Nisingependa uone. Bénite, yule secrétaire wetu, akasimama na telefone yake: «Président, salamu yako tulipokea. Tulikujibu hata. Maiti ndiye hatukumuona.» Batu bakacheka, kiisha bakakumbuka ni matanga, bakafunika vinywa. Mama Kavuo, ambaye eko nyumba ya ine tu kutoka kwa marehemu, alilia akasema, «Mimi nilisoma nikiwa shambani. Nikasema, aa, leo Mathe ameamuka vizuri. Nikaendelea kupalilia. Rafiki yangu anashushwa, mimi napalilia.» Na Mumbere alikaa pale, mikono ingali na malengelenge. Alisema neno moja tu: bafunge ile machine.

Nilibajibu kwamba machine ndiyo ilikosea. Nilisema imetengenezwa Kampala, haijui Kiswahili yetu, tena ile mercredi réseau ilikuwa mubaya. Nisamehe, nilitaja jina yako. Batu batatu bakatikisa kichwa, bakasema, batoto ba masomo nao.

Kiisha mukutano Bénite akanivuta pembeni ya choo, pale nje. Akaniambia pole pole, «Mujomba Mathe, kama kosa ni ya mutu, tutabadilisha mutu. Kama kosa ni ya machine, tutazima machine. Tutakata neno tarehe makumi mbili na ine. Wewe fikiri.»

Donc nakuomba, mwipwa wangu, uandikie comité barua, na muhuri kama uko nayo. Sema kwamba machine ilikuwa mugonjwa ile siku, na sasa umeiponya. Hivyo Mumbere atapata mutu wa kulaumu ambaye si mutu, nasi tutaendelea. Mbusa atarudi tarehe makumi mbili, ataileta ku mukono.

Juu hali hii haiwezi kuendelea. Comité imenikataza kutuma hata neno moja, na mambo yamenyamaza. Mutoto wa mama Kavuo amezaa mapacha Beni, hapa Butembo hakuna aliyejua mpaka jana. Juzi muzee Lusenge alitoka Mususa kwa miguu, na fimbo yake, ndani ya matope, akafika mulangoni kuniuliza kama kuna mutu wetu amekufa. Nikamuambia hakuna, muzee. Akapumuzika kidogo, akaangalia viatu vyake. Akasema, «Hakuna, ao eko na hukusema?» Nikampa chai. Alikunywa nusu akaenda.

Hatuna mashamba tena, Nadège. Hatuna kanisa yetu, hatuna ile njia ambayo kila mutu alikuwa anapita mbele ya nyumba ya mwenzake akisema wavukire, umeamukaje. Tulikuwa na ile mesaji. Sasa muzee wa miaka makumi saba na tano anatembea kuhesabu bazima.

Hebu niache. Nakuchosha na wewe.

Mama yako Anne-Marie anakusalimia kutoka Kayna. Viazi vyake vimetoka vizuri, anauliza utarudi lini na kama utarudi mumoja ao babili. Florentine anakusalimia, anasema usile chapati ya njiani kila siku. Hadassa, mutoto wangu wa mwisho, anakusalimia, anataka umutumie kitabu ya hesabu. Hata Bénite anakusalimia, anasema hana neno na wewe. Usalimie bale bote unasali nao kule. Mungu aliyetutoa Mabalako na miguu yetu yote miwili akushike, asikuachilie, akulinde na magari ya Kampala.

Ngoja. Nilikuwa nimekwisha kufunga bahasha, nimeifungua na kisu. Mbusa eko nje anapiga honi, aache apige.

Ile barua nilikuomba, usiiandike. Machine haikukuwa mugonjwa. Haikupita hata dakika moja kiisha kutuma, ilinirudishia jibu. Unaijua, ni wewe uliiandika, tena kwa Kiswahili, kwa ajili yangu: maneno yamepita kipimo, yaliyobaki hayakuenda, fupisha utume tena. Niliisoma, Nadège. Nikaielewa. Nikachukua bic, nikaandika nyuma ya karatasi ya sabuni: Jokébed amekufa. Maziko kesho jeudi saa nane, Beni. Kujeni na majembe. Nikahesabu herufi na kidole. Yote iliingia, na nafasi ya jina ikabaki, lakini ya vyeo vyangu vyote haikutosha. Nikaiangalia sana. Nikajiambia, ngoja nitafute namna. Florentine akaleta chakula, nikakula, nikalala bila kuituma. Asubuhi nikavaa koti, nikijidanganya kwamba batu bamesikia tu.

Siku ya Mungu nitabaambia comité. Nimekuambia wewe kwanza ili nijizoeze.

Nafasi ilibaki ya kuandika Mathe. Niliona haya kuitwa Mathe tu.

Mujomba wako anayekupenda,

Mathe