Baba, Hukufuta Picha ya Mama

Baba,

Hukufuta picha ya Mama. Naanza na hilo hata kabla ya salamu, maana ndilo nililopaswa kukwambia ungali hai.

Unaikumbuka siku ile studio kwetu Somanda. Nilikuwa nimeingiza picha zote kwenye ile programu ya kutunzia picha, na majina ya watu nikayaandika harakaharaka. Ile moja tu ya Mama, ambayo nakala yake ya karatasi ililiwa na mchwa, niliiandika "Ngwashi". Ukavaa miwani, ukaniita mama kwa Kisukuma chetu, kama ulivyozoea. "Mayu, huyu siyo Ngwashi. Ni Ng'washi. Mama yako usimkate jina." Ukaketi, ukaitafuta kwa kidole kimoja ile alama ya juu, ile ya ng'ombe, ukaiweka, ukahifadhi. Picha ikageuka kiboksi cha kijivu.

Nikakufokea mbele ya wateja. Nikasema umeifuta, na nilishakukataza kugusa. Ukanyanyuka. "Nisamehe, mayu." Kompyuta hukuigusa tena. Mama Mdogo wa Lagangabilili alikununia mpaka tunakuzika, na habari ya kwamba umeipoteza picha pekee ya marehemu dada yake nilimpelekea mimi.

Ulipofariki nilitafuta picha yako ya kuweka msalabani. Safari hii nikaandika jina vizuri, kama ulivyopenda: Ng'wandu. Ikawa kijivu. Nikaitoa ile alama, ukarudi, na koti lako la kaki. Nikakimbilia ya Mama, nikaitoa alama yake, naye huyo hapo! Nililia, Baba, mpaka dada aliyekuja kupiga pasipoti akaondoka bila kupiga. Picha ilikuwepo siku zote. Programu ndiyo ilikuwa inashindwa kuonyesha picha yenye alama hiyo kwenye jina.

Niliwaandikia wenye programu, kwa Kiingereza changu kilekile ulichokuwa ukikicheka. Wakaniuliza kwani siwezi kuiacha tu hiyo alama. Nikawajibu haiachwi, hilo ni jina la mama yangu. Nikawatumia picha za skrini, hatua kwa hatua, na wiki jana wamerekebisha. Sasa Mama anaonekana na jina lake lote.

Nilidhani ningefurahi. Najuta tu. Siku ile ningetulia kidogo nikaangalia, ningejua. Sikuangalia, nilikuwa na haraka ya kuonekana mjuzi mbele ya watu.

Jumapili nikitoka kanisani napanda boda kwenda kwa Mama Mdogo. Nitamwambia mbele ya wanawe kwamba hukufuta kitu, ni mimi niliyekusingizia. Atanigombeza, na sitajitetea. Nakuahidi sitarudi Somanda kabla sijalisema lote.

Pumzika, Baba. Ulikufa ukiomba msamaha kwa kosa langu.

Mwanao,
Kabula