Alama Ndani ya Kifuniko

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Natumaini magoti yamekupa nafasi ya kupumua, na wajukuu pia. Sisi hapa wazima, ila tumbo langu limezidi kunitangulia mlangoni. Wifi yako anasema sasa libishe hodi lenyewe.

Nianze na habari njema. Jirani yangu mwoka mikate, yule mama mwenye kicheko cha kutikisa rafu, mumewe ameanza kusahau watu. Alikuwa akimsahihisha kutwa, wanagombana, mwisho wanalia wote wawili. Wiki tatu zilizopita akasoma makala niliyoiweka kwenye kundi letu la mtandaoni la wenye maduka: mtu wa namna hiyo usimtahini, mshike mkono, umwambie wewe ni nani kabla hajahangaika kukumbuka. Akajaribu. Juzi kaja dukani kwangu, mikono imejaa unga, kusema kwamba mumewe amemwita kwa lile jina la utani la enzi za uchumba. Alinishukuru mpaka nikakosa pa kuweka macho. Akaniomba nikazungumze na wenzake wanaouguza jamaa zao nyumbani, akaniachia na saa ya mzee niitengeneze.

Unajua desturi yetu mafundi saa. Kila anayeitengeneza saa hukwaruza alama yake ndogo ndani ya kifuniko, na hakuna anayefuta ya mwenzake. Mle nilikuta alama nne, ya mwisho ikiwa ya marehemu mwalimu wangu. Nikashika sindano niweke yangu chini yake. Mkono ukakataa.

Maana makala ile, dada, ni yako. Niliinakili kutoka ukurasa wako wa mtandaoni, jina lako nikaliacha hukohuko. Mwanzoni ulikuwa uvivu. Pongezi zilipoanza kumiminika, ukawa wizi. Na pale ulipoandika kwamba ulimwosha baba miguu kila asubuhi, wote wakadhani ni mimi. Mimi, niliyekuja mara mbili kwa miaka minne, na mara ya pili nikala, nikalala, nikaondoka! Nami nikaitikia pongezi.

Jana nimeifuta. Nimebakiza mistari miwili, jina lako, na kiungo cha kuwafikisha kwako wakusome kwako mwenyewe. Nikaeleza pia ni nani aliyemwuguza baba. Kinyozi mmoja wa kundini akauliza kama hata vichekesho ninavyowatumia kila asubuhi vina wenyewe. Vinao, dada, karibu vyote. Mwoka mikate akacheka, akasema alishuku tangu mwanzo, kwani hajapata kunisikia nikisema sentensi tatu bila utani. Halafu akaniagiza kwa upole nizifikishe shukrani zake kwa mwenyewe.

Basi hizo hapo, zipokee. Nilipaswa kukuomba ruhusa kabla ya yote. Hata ile mistari miwili, ukisema niiondoe, nitaiondoa. Wale wenzake wanaouguza wanaomba uzungumze nao kwa simu. Ukikubali, nitapanga viti na kunyamaza, ingawa kunyamaza kutanitoa jasho kuliko viti.

Na ya kwangu, iliyochelewa miaka yote hii: ahsante kwa baba.

Wifi yako anakusalimu sana; wabusu wajukuu. Saa ya mzee inatembea vizuri. Alama yangu bado sijaiweka, nasubiri kusikia kutoka kwako.

Mdogo wako,
Bonge