Kifurushi Kutoka Migombani

Ikonge, 9 Juni 1996

Kwako Kaka Anyona,

Sisi hatujambo, isipokuwa Mama. Majani ya chai yamekubali mwaka huu, na ng'ombe wako amezaa ndama jike. Nakuandikia kwa Kiswahili, si kwa lugha yetu, ili Mama akitaka kusomewa nimtafsirie huku nikiruka maneno.

Barua yako nimeielewa. Hospitali unayofanya kazi huko Amerika inajaribu dawa mpya ya saratani ya matiti iliyosambaa, na wanaopewa ni wale tu ambao uvimbe wao una alama inayotafutwa na dawa hiyo. Unataka kipande cha titi alilokatwa Mama mwaka jana.

Kaka, tulilizika. Baba aliwaomba madaktari wampe, maana kwetu nyama ya mtu haiachwi mikononi mwa wageni. Tulilizika migombani, na mimi nilishika jembe. Sasa ugonjwa umeingia mapafuni, na daktari anasema huko hawezi kukata.

Nilimsomea Baba barua yako. Alhamisi nilimkuta migombani amechimba shimo pale pale tulipolizika, anafunga udongo kwenye kitambaa cha Mama cha kichwani.

"Tuma," akaniambia. "Mashine za huko zinaona vitu ambavyo sisi hatuoni."

Nilikwenda posta Keroka nikatuma. Ningemwambia nini?

Ukikipokea kifurushi hicho, tafadhali usituandikie kwamba ni udongo. Andika kwamba bado wanapima.

Mdogo wako,
Bosibori