Mahali Tulipomwachia Njeru

Kwako Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu kutoka huku Japani. Mwili ni mzima, ila moyo hauna nguvu. Je, mvua imefika Gachoka, au ndengu zimekaukia mauani? Na miguu ya Cucu, mama yako? Nimeandika kwa sababu nikipiga simu yeye huwa amekaa ubavuni mwako, na haya sitaki ayasikie.

Kazi ni ile ile ya kutunza wazee: kuwaosha, kuwalisha, kuwageuza kitandani. Kati yao yumo Bibi Haru, mzee kuliko Cucu, mkali kama pilipili. Juzi nikimkata kucha aliniuliza kwa nini nina uso wa msiba. Nikamweleza yote. Kwamba Njeru, babake Cucu, yule uliyerithi jina lake, alichukuliwa na Mwingereza kwenda Burma kupigana na Wajapani, asirudi. Kwamba Cucu, mtoto wake wa pekee, alikataa kuolewa ili ashike boma. Kwamba chini ya mti wa mukau kuna kipande cha shamba kisichoguswa na jembe, kinamngoja mwenyewe. Nikamwonyesha na kiondo alichonisukia Cucu nikiondoka, akiniambia, "Wewe umebeba jina langu, kwa hivyo ni mimi naenda. Hao Wajapani ndio wanajua walimweka wapi. Niletee mchanga wa hapo, hata wa kujaza kiganja tu, nimzike nipumzike."

Kumbe Burma si Japani, Baba. Ni nchi nyingine kabisa, ng'ambo ya bahari, na sisi miaka yote tulidhani ni hapa.

Bibi Haru hakunicheka. Alisema walipokuwa watoto wanajeshi ndio walioshika nchi, na hata mwalimu alifundisha kwa sauti ya askari. Kila asubuhi waliinama kuelekea kwa mfalme. "Mji wa China ukitekwa, tulipewa bendera za karatasi, tukaimba barabarani," alisema. "Hakuna aliyetuambia kwamba mle mjini mna watu."

Kisha kaka yake akapelekwa Burma. Kilichorudi ni kisanduku kilichofungwa kitambaa cheupe, wakaambiwa kina mifupa yake. Mama yao alikifungua, akakuta jiwe.

"Tulilizika. Nikawa naenda kuliosha kila mwaka, mpaka miguu ikakataa. Nimeosha jiwe maisha yangu yote, mwanangu."

Hapo nilijua tumekwisha. Kama waliomtuma kaka yake walishindwa kumrudishia mama yao hata mfupa, nani atamtafuta Njeru, aliyebeba bunduki ya mtu aliyemtawala? Wahenga walisema fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Lakini nyasi, Baba, mvua ikinyesha huota tena.

Jioni ile televisheni ya ukumbini ilionyesha meli mpya za kivita. Wazee wawili wakapiga makofi. Bibi Haru aliniomba nimgeuze, atazame ukuta.

Najua uliniandikia, "Si uchote tu mchanga hapo kwa bustani, nani atajua?" Nilichota kweli, kiondo kikajaa. Halafu moyoni nikamwona Cucu wetu amepiga magoti asubuhi akipalilia mchanga wa bustani ya watu, akiuita baba. Nililia, nikaumwaga.

Msalimie Mama, na umwambie sweta yake naivaa kila siku. Msalimie dada yangu mwalimu kule Embu, aache kuniagiza viatu. Mjomba fundi wa baiskeli pia nisalimie, na kile kikohozi chake akipeleke hospitali.

Cucu usimwambie kitu. Jumapili akiuliza kama nimempata, sema bado natafuta. Na siku yake ikifika, Baba, msimchimbie kando. Mlazeni pale pale chini ya mukau, kwenye nafasi aliyomwekea baba yake. Mwenyewe haji.

Ni mimi mwanao, mwenye jina la mama yako,

Wanja