Pamba ya Godoro Ndani ya Ubao wa Bosi

Mpendwa Mshauri,

Naomba unisaidie kabla ya Jumapili, maana mie sili wala silali. Ni fundi mitambo katika karakana moja hapa Chang'ombe, na meneja wetu, Ndugu Revelian, alirudi kutoka masomoni Ulaya na ubao wa kuchezea baharini, ule ambao mtu husimama juu yake akashika tanga upepo ukamkimbiza, sasa mwezi uliopita ukagonga mwamba ukatoboka, akauliza nani anaweza kuutengeneza, mie nikanyoosha mkono nikasema sie tunajitegemea, fundi wa Ulaya wa nini. Nikaupeleka nyumbani, nikaona umeingia maji ya chumvi, nikamimina petroli ndani kama tunavyosafisha vyuma kazini, kumbe mle mna povu gumu jeupe, likanywea lote mbele ya macho yangu likawa uji, ubao ukabaki gamba tupu, basi nikafumua godoro letu, nikaushindilia pamba, nikaziba kwa lami, nikapiga rangi ya kijani safi kabisa. Mke wangu Eufrazia nimemwambia godoro liko kwa fundi, na wiki ya tatu hii tunalala mkekani.

Ndugu Revelian alipounyanyua akasema, "Albano, mbona umekuwa mzito?" Nikamjibu, "Huo ndio uimara, bosi." Akafurahi, akatangaza mbele ya wafanyakazi wote kwamba mwezi ujao mimi ndiye msimamizi wa karakana. Jumapili anaingia nao kilindini. Naogopa atazama, lakini nikisema nitakuwa kichekesho cha Chang'ombe nzima. Je, hakuna dawa ya kupaka kwa nje?

Albano, Chang'ombe

Ndugu Albano,

Dawa ya kupaka kwa nje! Umetia godoro ndani ya chombo cha majini, halafu unataka nikutajie rangi. Pole kwa hofu yako, ndicho kitu pekee chenye akili katika barua nzima.

Kujitegemea hakukukuambia umimine petroli mahali usipopajua. Ungemega kipande kidogo cha lile povu ukakichovya kwanza, leo Eufrazia angekuwa na pa kulala. Hata hivyo, kosa hilo linasameheka, hakuna fundi asiyewahi kuharibu kitu. Kilichonikera ni hilo jibu la "uimara". Mtu alikuuliza swali la uhai wake, wewe ukamringia.

Unaogopa kuchekwa. Utachekwa sana, ndugu yangu. Mimi mwenyewe nimecheka hadi mpiga chapa wetu akaja kuuliza kuna nini. Watachoka baada ya mwezi. Kilio cha nyumbani kwa Revelian hakitachoka.

Leo hii nenda kwake na msumeno. Pasua ubao mbele yake, aitoe pamba kwa mkono wake mwenyewe, umwombe radhi, na huo usimamizi uukatae kabla hajakunyang'anya. Pamba uianike juani, umrudishie mkeo godoro pamoja na ukweli.

Jina lako sikulificha, na nimefanya makusudi. Gazeti hili hufika Chang'ombe saa nne asubuhi. Hakikisha umemfikia Revelian kabla hajalifungua.